Habari ya Mjane wa Makambako

Jumatatu asubuhi, katika ofisi yetu ya Njombe ambayo ukungu ulikuwa umeliziba dirisha lake hata duka la ng'ambo ya barabara halikuonekana, Mzee Valeriani alinisomea kichwa cha habari alichokitunga nyumbani kwake akinywa uji.

"'Mjane wa Makambako Kutekwa Jumamosi.'"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akanitazama kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

"Nani atamteka, Mzee?" nikauliza.

"Wangoni."

"Wangoni wote?"

"Hilo ndilo utakalokwenda kulichunguza, binti."

Mzee Valeriani alikuwa mhariri, mmiliki, mpiga picha na msambazaji wa gazeti letu la kila wiki. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uandishi wa habari, niliyepelekwa kwake kwa mafunzo ya vitendo. Mbele yake palikuwa na karatasi zilizochapwa katika kafe moja ya intaneti huko Makambako, na chanzo cha yote yaliyoandikwa humo kilikuwa mchezo wa redio.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na nne. Redio binafsi zilikuwa zimeongezeka hata mtu akikizungusha kitufe kidogo tu anahamia kwenye tangazo la sabuni nyingine. Moja ya redio hizo ilirusha mchezo uitwao "Shamba la Bondeni", na wapenzi wa mchezo huo walikuwa wamefungua kikundi chao mtandaoni, kila mmoja akijiita jina alilolipenda. Mhusika mkuu, Mzee Sanduku, tajiri bahili wa Kibena, alipoangukiwa na tanki la maji alilokataa kulitengeneza, wanakikundi hawakujadili uigizaji wala maandishi. Walitangaza msiba. Ikaundwa kamati ya mazishi. Kijana mmoja anayesoma India akajitolea kupika. Mtu aliyejiita Mjane Mpweke, aliyesema anaandikia kafe hiyo hiyo ya Makambako, akaanza kuandika maombolezo yaliyowanyamazisha wote. Ndipo akajitokeza mwingine aliyejipa cheo cha mkuu wa vita wa Kingoni, Nduna wa Songea, akaandika hivi: "Wabena hamjui kuzika. Maiti haitoki mpaka mtupe pombe ya ulanzi. Na mjane asijisumbue kufunga mlango, Jumamosi tunakuja kumchukua, yeye na yule mbuzi wa matanga."

"Mzee, huu ni utani," nikasema. "Wangoni na Wabena ni watani. Mtani akija msibani anaweza kuingia kaburini akalala, akadai kuku ndipo atoke."

"Mimi Mpangwa wa Mlangali unanifundisha utani?" Akanisogezea karatasi hadi puani. "Utani unauona usoni, binti. Mtu anakutukana huku mdomo unamcheza. Haya, nionyeshe. Hapa mdomo uko wapi?"

Nilitafakari, nikakiri moyoni kwamba hoja yake ilikuwa na uzito. Maneno yale yale yakisemwa na mtani ni kicheko, na yakisemwa na mtu baki ni kesi ya polisi, na jina la mtandaoni halimwonyeshi mtu kabila wala nia.

"Basi tusiandike mpaka tuwaulize wenyewe," nikasema.

"Tuwaulize nini? Wameshayasema hadharani!"

"Wameyasema msibani, Mzee. Mtu akilia msibani hatumweki gazetini kwa sababu tu mlango wa nyumba ulikuwa wazi."

Nilipomtazama vizuri nikaona kwamba hakuwa amenisikia. Alikuwa anayasoma tena maneno ya Mjane Mpweke, safari hii kwa sauti ya chini: "'Tangu aondoke, bado nachemsha chai ya watu wawili. Kikombe cha pili nakiacha kipoe, halafu nakimwaga nje kabla majirani hawajakiona.'"

Akaifuta tena miwani ambayo haikuwa na doa lolote.

"Nataka jina lake kamili," akasema. "Umri wake, mtaa anaoishi, na picha. Ya rangi."

"Gazeti letu halina rangi, Mzee."

"Picha ya rangi, binti. Kabla ya Alhamisi, kurasa zinapokwenda Iringa kuchapwa."

Kafe ile ilikuwa karibu na njia panda ya Makambako, na mwenyewe aliitwa Safina, mwanamke aliyekuja na biashara zake kutoka Kigoma. Nilipofika siku iliyofuata, mlangoni alisimama mwanaume mkubwa mwenye kofia ya kufuma na sharubu nzito, akimgombeza dereva wake kwa sauti iliyoufunika hata mngurumo wa jenereta.

"Dulla! Lori haliendi Iwawa kwa dua! Linaendeshwa!"

"Njia ina tope, Mzee Kheri."

"Na wewe una miguu! Shuka, weka mawe, panda, endesha!"

Dulla akarudi kwenye benchi la ndani ya kafe walipokaa madereva wenzake, wote wakiwa na adabu ya wanafunzi waliochelewa namba ya asubuhi. Nilimpita Mzee Kheri kwa kujibana, nikamweleza Safina kwa kunong'ona kwamba namtafuta mteja wake anayejiita Mjane Mpweke.

"Dada yangu," Safina akasema, "hapa kwangu ni kama zahanati. Nikikwambia nani anaumwa nini, kesho nitabaki na kompyuta zangu peke yangu. Ukitaka kukaa, kaa kwenye ile ya mbele, pembeni kule. Ukitaka umbea, stendi ile pale."

Nikakaa. Nikajiandikisha katika kikundi kwa jina langu halisi, jambo ambalo, kama nilivyokuja kuelezwa, halikuwa limewahi kutokea, nikaandika: "Kwa heshima, mimi ni Anjela, mwanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Njombe. Nimesoma mazungumzo yenu. Sitamnukuu mtu bila idhini yake, na atakayekataa nitamwacha na msiba wake."

Mtandao ulifikiri kwa muda mrefu. Kisha majibu yakaanza kushuka.

"Mgeni wa msiba hakai bure," akaandika mmoja. "Chota maji."

Nilisita, kwa kuwa sikuwa nimechota maji yoyote wala sikutaka kuianza taaluma yangu kwa uongo. Nikaandika, "Nipeni ndoo." Hilo lilipokelewa vizuri.

Mpishi wa Msiba, yule wa India, akaniruhusu nimnukuu kwa sharti kwamba nieleze kuwa yeye ni mrefu. Nikamjibu kwamba siwezi kuandika urefu wa mtu nisiyemwona. Akaleta urefu wake kwa sentimita. Nikamweleza kwamba namba hiyo nayo imetoka kwake mwenyewe. "Basi andika kwamba nasema mimi ni mrefu," akaandika, na hilo nikalikubali, maana ilikuwa kweli kabisa kwamba anasema. Shemeji wa Marehemu akaomba nisimnukuu kwanza, nimpe nafasi aandike kitu chenye maana zaidi ya vile alivyokwisha kuviandika. Nikamsubiri. Nadhani bado anafikiri.

Nduna wa Songea aliniachia namba ya simu na tusi dogo kuhusu miguu ya Wabena. Nikaviandika vyote viwili.

Ndipo ukaja ujumbe wa faragha, unaosomwa na mimi peke yangu: "Binti, usigeuke."

Ulitoka kwa Mjane Mpweke.

"Niko kompyuta iliyo nyuma yako. Ukigeuka Dulla atajua."

Sikugeuka. Lakini kioo cha kompyuta yangu kilikuwa na eneo jeusi pembeni, na humo niliona kofia ya kufuma, mabega mapana na sharubu. Nyuma yangu mtu aliipiga kibodi herufi moja moja, kwa kishindo, kama anayepigilia misumari kwenye bodi la lori.

"Mzee," Dulla akauliza kutoka kwenye benchi, "leo barua ndefu?"

"Natafuta bei za mbao! Kaa kimya!"

Hivyo ndivyo nilivyofanya mahojiano yangu ya kwanza. Mhojiwa alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake, na maneno yetu yalikuwa yanasafiri, pengine hadi Ulaya na kurudi, ili kuuvuka mgongo wa kiti.

"Mke wangu Zamda alifariki mvua zilizopita," akaandika. "Mchezo huu tulikuwa tunausikiliza pamoja. Yeye alimchukia Mzee Sanduku, anarusha kandambili kwenye redio. Waliokuja kunipa pole walikaa sebuleni wakazungumza habari za dizeli. Sanduku alipokufa nikaingia hapa niseme neno moja tu. Nikajikuta mimi ndiye mjane."

"Kwa nini hukuwa mgane?" nikauliza.

Misumari ikapigiliwa kwa muda mrefu.

"Mgane anaulizwa ataoa lini. Mjane anaulizwa kama amekula."

Niliyatazama maneno hayo mpaka herufi zikaanza kuogelea.

"Hawa madereva wananiogopa," akaendelea. "Woga wao ndio unaopandisha viazi na mbao kutoka Makete wakati wa tope. Wakijua ninalia kwenye kompyuta nikijiita mwanamke, kesho hakuna gari litakalopanda, na Makambako nzima wataniita Mama Sanduku mpaka nife. Ukiandika 'mwanamke' utakuwa umedanganya. Ukiandika 'mwanaume' umenimaliza."

Nilifikiria mafunzo yote niliyopata chuoni. Hakuna mhadhiri aliyewahi kufika hapa.

"Nitaandika 'mshiriki'," nikapendekeza.

Jibu likashuka: "Mshiriki ni sawa. Na ile ya chai iandike. Hiyo ni kweli."

Nikamwahidi kwamba jina lake, jinsi yake na kazi yake havitatoka kinywani mwangu mpaka aniruhusu mwenyewe. Nikalipa, nikapita nyuma ya kiti chake nikiwa nimekaza macho kwenye kalenda ya ukutani, nikatoka.

"Wewe binti!" ikanifuata sauti ya kutikisa bati. "Mlango! Baridi inaingia!"

Nikaufunga.

Jumatano nilimpigia simu Nduna wa Songea kwa simu ya ofisi, Mzee Valeriani akiwa ameinama sikio lake likigusana na langu. Tatizo lilikuwa kumthibitisha. Mtu yeyote anaweza kujiita Nduna, na ningemuuliza kama yeye ni Mngoni kweli angejibu ndiyo, kama Mpishi na urefu wake. Nilikuwa nimekesha nikitafuta njia, nami nilikuwa nimeipata moja tu. Mtu baki ukimtukana hukasirika. Mtani hulipiza.

"Ndugu Nduna," nikasema baada ya salamu, "kwa madhumuni ya uthibitisho, napenda kukujulisha kwamba Wangoni hamkutembea kutoka kusini mwa Afrika hadi Songea kwa ushujaa. Mlitembea kwa sababu kila mlipofika watu waliwakataa."

Mzee Valeriani akashika meza kwa mikono miwili.

"Wewe ni nani?" sauti ya upande wa pili ikauliza polepole.

"Mbena. Wa Njombe."

Kikapasuka kicheko kilichomfanya Mzee Valeriani alitoe sikio lake kwa nguvu.

"Mbena! Bado mpo? Tulidhani baridi imeshawamaliza! Babu yako alivyotukimbia aliacha viatu hapa, tumevitunza mpaka leo! Njoo uchukue! Cha kushoto tu, cha kulia tunaanikia tumbaku!"

"Babu yangu hakuwa na viatu."

"Ndiyo maana alikimbia vile!"

Nilimwacha amalize, nikamuuliza rasmi kama wanakusudia kumteka mjane Jumamosi.

"Kwa nauli ya nani? Utatulipia wewe, bahili mkubwa? Andika jina langu, andika natunza ghala la mahindi, andika utani ni utani." Kisha sauti ikashuka. "Ila kama unamfahamu yule mama, mwambie akinyamaza hata siku moja huwa tunaulizana huku. Mwambie ale."

Mzee Valeriani alichukua kalamu, akakikata kichwa chake cha habari kwa mstari mmoja, kwa heshima, kama anayefunika maiti.

"Vizuri. Hakuna utekaji. Sasa jina la mjane."

"Nimeahidi kutolitaja, Mzee."

"Mimi ni mhariri wako. Mhariri lazima ajue chanzo."

"Kweli, ili aithibitishe habari. Wewe umebakiza kuthibitisha nini?"

Akafikiri. "Umri."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba alikuwa amevaa tai. Tangu nifike sikuwahi kumwona na tai, wala na nywele zilizochanwa upande.

"Binti," akasema akitazama ukungu, "nimekaa peke yangu muda mrefu, mimi na redio. Nimesoma maneno mengi ya watu katika kazi hii. Huyu mama anakijua kikombe cha pili. Si wengi wanaokijua."

Nilimhurumia kwa dhati. Sentensi moja ingemponya, na sentensi hiyo hiyo ndiyo niliyoahidi kutoisema. Nikaangalia viatu vyangu.

"Basi nitamtafuta mwenyewe," akasema, akachukua kikapu cha mapeasi kilichokuwa kimefichwa nyuma ya mlango, akatoka.

Gari nililopanda kumfuata liliharibika tairi, kwa hiyo nilipoingia kafe ya Safina alikuwa ameshasimama katikati, kikapu mkononi, mbele ya madereva waliokwamishwa na mvua. Mzee Kheri alikuwa kwenye kompyuta yake, amewageuzia mgongo.

"Nauliza kwa nia njema," Mzee Valeriani alikuwa anasema. "Nani hapa anamfahamu mama anayejiita Mjane Mpweke? Mama aliyeandika hivi." Akaikunjua karatasi, akasoma habari ya chai. Akaisoma vizuri mno. Hata madereva wakaacha kutafuna karanga.

"Baba," Dulla akasema alipomaliza, "huyo unamtafuta kwa habari au kwa posa?"

Benchi zima likaangua kicheko.

"Kwa... kwa habari kamili!" Mzee Valeriani akanigeukia, uso umemwiva. "Huyu hapa anamjua! Anjela, sema mbele ya watu hawa. Ni nani?"

"Siwezi, Mzee."

"Usiposema, ripoti yako ya chuo haitapata sahihi yangu."

Kicheko kikakatika. Safina aliacha kuhesabu karatasi za printa. Ile kibodi ya nyuma, iliyokuwa ikipigiliwa muda wote, nayo ikanyamaza, na kofia ya kufuma ikainama kidogo kama ya mtu anayesubiri kitu kimwangukie.

"Siwezi," nikasema tena. Sauti ilitoka nyembamba, isiyolingana kabisa na uzito wa kanuni niliyokuwa naitetea.

Kiti kikasukumwa. Mzee Kheri akasimama, na akisimama kafe ile ilikuwa ndogo.

"Wewe mzee wa tai," akasema. "Njoo nje."

Mlango ulipofungwa, madereva wote walikuwa dirishani kabla yangu.

"Anampiga!" mmoja akasema.

"Bado. Anamsemesha."

"Kwa nini anaangalia chini? Mzee hajawahi kuangalia chini!"

Nje, kibarazani kando ya lori, Mzee Kheri alikuwa anazungumza. Mkono wake mkubwa ulichora kitu hewani, kidogo, cha duara, kisha ukamimina. Mzee Valeriani akatikisa kichwa. Akauliza neno. Mzee Kheri akajibu kwa kukubali. Mzee Valeriani akakitazama kikapu chake, akaitazama sharubu iliyo mbele yake, akaufunika uso kwa viganja, mabega yakitikisika. Sikuweza kubaini kama alikuwa analia au anacheka, na nisichoweza kukibaini sitakiandika. Kisha Mzee Kheri akachukua peasi moja, akalifuta kwa shati, akauma. Mzee Valeriani naye akachukua lake. Wakakaa juu ya magunia ya viazi, bega kwa bega, wanatafuna.

"Nimeelewa!" Dulla akapiga goti lake. "Mjane ni dada yake Mzee Kheri! Ndiyo maana alikuwa mkali! Mzee wa tai kaleta posa, kahojiwa, na mapeasi yamepokelewa!"

"Mzee Kheri ana dada?" Safina akauliza, macho yake yakinikwepa.

"Kila mtu ana dada! Yupo Mahongole, mimi nimewahi kuona kanga zimeanikwa!"

Jambo hilo likawatosha. Mmoja akakimbia kulipeleka stendi kabla halijapoa.

Mzee Valeriani aliingia tai ikiwa imelegea na maji ya peasi kidevuni. Akaniita pembeni.

"Habari itoke bila jina," akasema. "'Mshiriki.' Na ile ya chai iwe juu kabisa, kabla ya Nduna. Ripoti yako nitaisaini kesho."

"Na picha, Mzee?"

"Picha ya nini?" akafoka, akatoka kurudi kwenye magunia, maana mapeasi yalikuwa hayajaisha.

Alipokuwa anatoka alipishana na Mzee Kheri mlangoni. Mzee Kheri alisimama akatutazama sote, mmoja mmoja, akitafuta uso wenye kicheko. Hakukiona. Kifua kikamjaa upya.

"Dulla! Mvua imekatika, unasubiri nikubebe? Gari!"

"Ndiyo, Mzee! Tayari, Mzee!" Dulla alikuwa ameshasimama wima. "Na hongera, Mzee."

"Hongera ya nini?"

"Si kitu, Mzee."

Mzee Kheri akatoka, na madereva wakamfuata mbio wakisukumana, lakini Dulla akachelewa makusudi, akaniinamia.

"Dada mwandishi, wewe ndiye unayeujua ukweli. Ni dada yake, si ndiyo?"

Nilifungua mdomo. Uvumi ule ulikuwa wa uongo, ulikuwa unaenea, na mwandishi wa habari ana wajibu wa kusahihisha uongo anaoufahamu. Lakini sahihisho lake lilikuwa sentensi ile ile moja, na mwenye sentensi alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, akijifanya anakagua tairi.

"Sina la kusema juu ya hilo," nikajibu.

Dulla akageukia wenzake waliokuwa wanapanda lori, akainua mikono yote miwili juu.

"Mmesikia? Mwandishi amethibitisha!"